Mapipa Hayavuki Barabara

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kanzu nzuri iliyonizidi mikono kidogo, na keki yenye jina langu kwa herufi za samawati. Kwa hayo nawashukuru. Kisha mkanishika mkono mkanipeleka getini kunionyesha zawadi ya mwisho: yale mapipa mawili mmeyapaka rangi mpya, nyeupe na nyekundu, na ubavuni mmeandika MAPIPA YA MZEE KATANA. Mkapiga makofi. Nililia, nanyi mkadhani ni furaha.

Nina miezi minne nyumbani Junda. Saa yenu inakwenda sawasawa, na ndiyo inayonikumbusha kila asubuhi kwamba muda huu malori yanajipanga getini, na dereva wa kwanza anarudisha trela lake kinyumenyume katikati ya yale mapipa. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoshika zamu, na hasa wewe Salim unayekaa sasa kwenye kiti changu dirishani. Mimi niliishia kidato cha nne, msitarajie maneno makubwa. Ila someni mpaka mwisho, hata kama mnafikiri habari zenyewe mnazijua.

Nilifika yadini Changamwe nikiwa na cheti cha shule ndani ya bahasha na viatu vya kuazima. Wakati huo yadi haikuwa na sakafu ya saruji. Mvua za masika zikinyesha, trela lilizama mpaka kwenye ekseli na sisi tukazama nalo. Nilikabidhiwa kitabu cha geti, kalamu mbili, na rungu la mti mgumu lenye urefu wa mkono. Nikauliza rungu la nini.

"La kupigia magurudumu," akasema msimamizi. "Madereva tutawapiga kwa maneno."

Huyo alikuwa Bwana Athumani, mtu wa Mombasa wa siku nyingi, babu na baba yake wote wafanyabiashara wa mjini. Yeye alisema duka lilimchosha kwa sababu bidhaa hazina habari za kusimulia. Alivaa kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, na sijawahi kuiona ina doa la grisi. Mimi nilirudi nyumbani kila siku kama niliyeogea oili chafu.

Alinifundisha kwamba tairi lenye upepo wa kutosha hulia kama ngoma iliyowambwa vizuri, na lililopungua humeza sauti. Alinifundisha kupiga magoti kando ya trela, injini ikiwa imezimwa, na kusikiliza kama bomba la upepo wa breki linavuja. Kufuli za kontena, zile nne za pembeni, hukuruhusiwa kuzikagua kwa macho. Ulizishika moja moja. "Jicho ni vivu," alikuwa akisema. "Laona lililomo kichwani."

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuamkiana. Funguo zote za malori zilitundikwa kwenye ubao wenye misumari nyuma ya kiti chake, na hakuna dereva aliyepewa ufunguo kabla hajampa Bwana Athumani mkono. Na mkono huo hakuuachia upesi.

"Sabalkheri, Kalume. Wambaje?"

"Sijambo, bwana."

"Na nyumbani wambaje?"

"Hawajambo wote."

"Yule mtoto wa homa?"

"Amepoa. Jana amekula."

"Alhamdulillahi. Na lile paa lililokuwa lavuja, umelipatia fundi?"

Hivyo hivyo kwa kila dereva, mmoja baada ya mwingine, huku foleni ikirefuka na mimi nikibadilisha miguu. Nilikuwa kijana. Niliona ni uvivu wa wazee umevishwa adabu.

Asubuhi moja akaja dereva mmoja, Mbarak, mkono mmoja mfukoni.

"Salama tu bwana, nipe ufunguo, nimechelewa."

"Mkono kwanza."

"Una grisi, bwana."

"Grisi twajuana nayo. Lete."

Mbarak akautoa. Bwana Athumani akaushika, akamuuliza habari za mkewe, akamuuliza habari za mama yake kule Mtongwe, akamuuliza jana mpira uliishaje. Kisha akamwachia, na ufunguo akaurudisha msumarini.

"Kanywe chai," akamwambia taratibu. "Jinyoshe pale bandani. Adhuhuri, inshallah, tutaamkiana tena."

Mbarak hakubishana. Hata ofisini hakushtakiwa. Nikamuuliza Bwana Athumani amejuaje, maana mimi nilikuwa karibu na sikusikia harufu yoyote ila ya karafuu.

"Hiyo karafuu ndiyo ya kwanza," akasema. "Mwanangu, mlevi aweza kuficha mdomo. Hawezi kuficha mdomo, na kiganja, na jicho, na jibu, vyote pamoja. Ndiyo maana namuuliza mengi nimemshika. Nataka kuona akili yake yafuata swali ama yakimbia. Na anayekukwepa mkono, huyo usimpe ufunguo, hata awe ndugu yako."

Nilisikia. Sikuelewa. Nilidhani kuelewa kutakuja kwenyewe.

Bwana Athumani alipoacha kazi nilikalia kiti chake, na kwa miezi michache nilijaribu mtindo wake. Haukunikaa. Yeye alikuwa mtu mzima wa makamo, na mimi madereva wengi walinizidi umri. Wengine walitoka bara, na kwao kushikwa mkono muda mrefu na mwanamume mwenzao ilikuwa kichekesho.

"Katana, unataka kunioa?" mmoja aliniuliza mbele ya watu. "Basi leta posa kwetu Voi."

"Mkono huu una mwenyewe," mwingine akadakia. "Akikuona atakufuata na mwiko."

Wakacheka, nami nikacheka, na kesho yake nikafupisha salamu. Keshokutwa nikazifupisha zaidi. Meneja naye alikuwa akisimama dirishani kwake juu akiigonga saa yake kwa kidole. Makontena yalikuwa yameongezeka na foleni ilifika barabarani. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nikizitoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Nilikuwa msomi wa kidato cha nne, ninanusa wazee kila asubuhi.

Ndipo nikabuni mapipa. Nilichukua mapipa mawili ya oili, nikayajaza mchanga na saruji, nikayasimamisha ndani ya geti yakiachana kwa upana wa trela na nafasi ya kiganja kila upande. Kabla ya kupewa karatasi za safari, dereva alirudisha trela katikati yake. Akigusa pipa, anashuka, hana safari. Asipogusa, naandika "sawa" kwenye kitabu na anakwenda.

Niliona nimevumbua jambo. Pipa halina aibu wala upendeleo, halijui huyu ni mzee na huyu ni kijana, halimuulizi mtu habari za mama yake. Foleni ikaisha. Meneja akanipa mkono, na mkono huo nikaukumbuka kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Madereva wenyewe walipenda. Ukawa mchezo, watu wakitazama nani anaingia safi, wakipiga kelele, "Kulia! Kulia! Umelala?" Kulikuwa na mmoja aliyegusa pipa mara mbili kwa wiki akiwa hajawahi kuonja pombe maishani mwake, mlokole kamili. Tulimcheka mpaka akahama kazi. Hilo lilipaswa kunifundisha kitu kuhusu mtihani wangu. Halikunifundisha.

Bingwa wa mapipa alikuwa Stefano Mwakio. Mlimkuta jina tu, wengi wenu. Mtaita, mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu kama vya fundi cherehani. Nusu ya madereva wa yadi yetu walifundishwa naye kurudisha trela. Alifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja, mwingine umening'inia dirishani, bila kutazama nyuma, vioo vya pembeni tu. Tulikuwa marafiki. Alikuwa akikaa Mtongwe na mimi Junda, na Jumapili tulitembeleana.

Alikuwa anakunywa. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema neno lile lile: Stefano anakunywa, lakini kazi anaijua. Mimi nilikuwa nikilisema kuliko wote.

Asubuhi ninayoiandika ilikuwa ya kawaida, jua limeshatoka, wauza chai wameshafungua vibanda. Kontena moja lilitakiwa Kilifi kabla ya saa sita na meneja ameshapiga simu mara tatu. Stefano alikuja akiwa amevaa miwani myeusi, anatafuna karafuu. Hakunijia dirishani. Alipita mbali, akapanda kwenye kichwa cha lori moja kwa moja.

"Stefano!" nikamwita. "Hata salamu?"

"Tutasalimiana nikirudi, Katana. Leo nina haraka kuliko wewe."

Nilitoka nikaenda mpaka kwenye mlango wa lori. Alikuwa ameshusha kioo. Nilisikia harufu ya pombe ya mnazi, ya jana na ya asubuhi ile, ile wanayoiita ya kutoa loki, kuzimua ulevi wa jana. Si kwamba nilishuku. Nilijua, kama ninavyojua sasa kwamba ninashika kalamu.

"Umekunywa," nikasema.

"Jana. Leo nimetoa loki tu." Akacheka. "Unataka nipite kwenye mapipa yako au hutaki?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumwambia shuka, nipe mkono. Rafiki yangu angekasirika, meneja angepiga kelele, na kontena lingelala yadini. Nikasema, "Pita."

Akapita. Jamani, alipita vizuri. Mkono mmoja dirishani, trela likaingia kama droo kwenye kabati. Vijana wa kupakia wakapiga mbinja. Mimi, nikiwa na harufu ya mnazi wake puani, nikafurahi. Nilijiambia, unaona? Mlevi hawezi kufanya vile. Nikaandika namba ya lori, saa, jina lake, na "sawa". Nikampa karatasi zake.

Alivuka daraja la Nyali salama. Kwenye barabara kuu, penye njia ya kuingilia Ziwa la Ng'ombe, magari yalikuwa yamepunguza mwendo na mengine kusimama kumpisha mama mmoja avuke. Stefano aliona magari yamesimama. Hakujiuliza kwa nini yamesimama. Alitoka kushoto, akapita juu ya vumbi kando ya lami, na mama yule alikuwa ndio kwanza anamaliza kuvuka.

Aliitwa Bi Rukia. Alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo huko Ziwa la Ng'ombe. Alikuwa jirani yangu. Nyumba yake na yangu zimeachana kwa vichochoro viwili, na maji tulichota kwenye bomba moja.

Nilipofika pale na gari la kampuni, watu walikuwa wameshamfunika kwa leso mbili. Sufuria aliyokuwa amebeba ilikuwa imetupwa mbali, haikubonyea hata kidogo. Stefano hakuwepo. Aliposhuka aliona watu wanamjia na mawe, akakimbia kupitia uani kwa watu, akapata pikipiki, akavuka feri hadi Likoni. Alijisalimisha polisi kesho yake jioni, ameoga, amelala, macho meupe. Kupimwa damu hakukuwa na maana tena. Kile kifaa cha polisi cha kupulizia, cha kupimia pombe, kilikuwa kikiwekwa barabarani usiku, kana kwamba watu hulewa gizani tu.

Kwa hivyo aliyemwona wa mwisho kabla ya safari, na aliyeweza kusema kama alikuwa amelewa, alikuwa mtu mmoja. Mimi.

Meneja aliniita ofisini na kunifungia mlango. "Mzee," akasema, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuniita mzee, "wewe sema ulichoandika kitabuni. Uliandika sawa, au siyo? Ukisema mengine watakuuliza kwa nini ulimruhusu. Na bima ikisikia pombe, wale wafiwa hawatapata hata senti. Utakuwa umewaua mara ya pili."

Hilo la bima sikulihakikisha kwa mtu yeyote anayejua sheria. Lilinifaa jinsi lilivyo, nikalibeba.

Mahakamani nilivaa shati la mikono mirefu. Ukumbini kulikuwa na watu wengi, na binti yake Bi Rukia, Mwanaisha, alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha kesi. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini hivi. Nilipita mbele yake bila kutazama kulia wala kushoto. Nikaapa. Mwendesha mashtaka akaniuliza nilikuwa umbali gani na mshtakiwa.

"Nilisimama mlangoni mwa lori."

"Ulisikia harufu ya pombe?"

"La."

"Ulimwona ana dalili yoyote ya ulevi?"

"La. Alirudisha trela katikati ya mapipa bila kugusa."

Hakimu akainua kichwa. "Mapipa gani?"

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, kwa ufasaha, na nafasi ya kiganja kila upande nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe. Hakimu akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akaandika. Wallahi, katika siku ile, mbele ya mtoto wa marehemu, nilijisikia fahari kidogo juu ya mapipa yangu. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu.

Kama mahakama ingejua alikuwa amelewa, Stefano angekwenda jela, na si kwa muda mfupi. Kwa ushahidi wangu ikawa ni dereva hodari aliyefanya kosa moja baya. Hakimu alimwonya sana. Alisema maneno mazito juu ya uhai wa binadamu. Kisha akatoa hukumu: faini, au kifungo asipolipa, na leseni izuiwe kwa muda. Kampuni ililipa faini kabla ya adhuhuri. Tulirudi Changamwe na kuwahi chakula cha mchana, na huo mchana wali ulikuwa na nazi nzuri, nakumbuka, kwa sababu niliula wote.

Mnajua wenyewe watu wanavyosema: adhabu ya mlevi ni kubwa vitabuni na nyepesi mahakamani, kwa sababu mahakimu wamelegea. Mimi nimeona inavyolegezwa. Inalegezwa getini kwanza, kwa neno "sawa". Inalegezwa ofisini mlango ukifungwa. Ikifika kwa hakimu imeshachujwa mpaka ni maji.

Stefano hakurudi kuendesha, hata leseni ilipofunguliwa. Mwaka uliofuata nilimtembelea Mtongwe. Nilimkuta kwenye mangwe, wanapouzia mnazi, asubuhi saa tatu, kibuyu mbele yake na vile vidole vyake virefu vimeshika bakuli. Nilidhani atanishukuru.

"Nani alikuomba?" akaniuliza.

"Kukuomba nini?"

"Kusema sikulewa. Nilikuwa nimekaa kizimbani nakungojea wewe. Nilisema moyoni, Katana ni mtu wa kweli, atasema, na mimi nitasema ndiyo. Ukaanza mambo ya mapipa."

"Nilikuokoa na jela, Stefano."

"Jela ina siku. Ningezihesabu, zikaisha, nikatoka." Akanisogezea bakuli la mnazi na nilipokataa akalinywa yeye. "Hizi siku zangu unazoniona nazo zinaisha lini?"

Alikufa miaka michache baadaye, ini. Sikwenda mazikoni. Nilisema nina zamu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Siku ile ile ya ajali nilijua mapipa ni upuuzi. Nilijua kwamba mikono ya dereva mzoefu hukumbuka kazi hata akili ikiwa imelala, na kwamba ulevi hauanzii mikononi. Unaanzia pale mtu anapotakiwa kujiuliza, mbona magari haya yamesimama? Mapipa hayavuki barabara. Yanangoja pale pale ulipoyaacha jana. Mama wa watu hangoji.

Nilijua, na sikuyaondoa. Ningeyaondoa, watu wangeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja. Nikayaacha mwaka ule, na uliofuata, na yote iliyofuata hadi nilipostaafu. Yadi nyingine zikaja kutazama, zikaweka ya kwao. Waliniita nikawaonyeshe vipimo, nikaenda. Madereva wangapi walipita katikati yake wakinuka karafuu, nami nikaandika "sawa", sijui. Nilikuwa nimeacha kunusa. Nilikaa mbali makusudi.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha polisi kusema ukweli. Askari wa mapokezi, kijana mwenye heshima, alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, hiyo kesi ilishahukumiwa. Mshtakiwa amekufa. Faili hata sijui liko stoo gani. Sasa nikuandikie nini?" Akaniuliza kama nina mtu wa kunifikisha nyumbani.

Ndipo nikaenda kwa Mwanaisha. Vichochoro viwili vilinichukua miaka yote hiyo. Sasa ni mwalimu wa watoto wadogo, ana watoto wake wawili, anaishi nyumba ile ile. Nilibisha hodi. Alifungua, akaniona, akabaki ameshika mlango. Nilisimama pale barazani nikamwambia yote: harufu, mapipa, meneja, mahakama. Sikupunguza.

Alipozungumza hakupaza sauti.

"Nilikuwa najua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Siku ya kesi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulipopita nilikuamkia. Nilisema, shikamoo, Mzee Katana. Tangu nianze kusema nimekuamkia, pale bombani, dukani, njiani, na hujawahi kuacha kuniitikia. Siku ile ulipita." Akanitazama. "Ulinisikia?"

Ningeweza kusema masikio yameanza kuzeeka. Yalikuwa hayajaanza.

"Nilikusikia."

"Basi. Sikuhitaji kuingia ndani kusikiliza kesi. Niliingia kwa sababu ya shangazi zangu tu."

Kila alichonifundisha Bwana Athumani, binti wa miaka ishirini alikuwa nacho bila kufundishwa. Alininyoshea salamu, nikaikwepa, akajua asinipe ufunguo.

Nikamwomba radhi. Alimfukuza kuku aliyekuwa anapanda barazani, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Hayo mapipa, bado yapo?"

"Yapo."

"Na wanayatumia?"

"Kila asubuhi. Wameyapaka rangi. Wameandika jina langu."

"Basi hukuja kuomba radhi, Mzee Katana. Umekuja kupumzisha moyo." Alianza kuurudisha mlango, pole pole, bila hasira. "Yaondoe kwanza. Siku hiyo ukija nitakuamkia."

Nilikuja yadini Jumatatu iliyofuata, wengine mliniona. Nilipanda kwa meneja mpya nikamwambia yaondolewe. Alicheka vizuri tu, akanipigapiga begani. "Mzee, hayo ni kumbukumbu yako. Vijana wanayapenda. Tutayaondoaje?" Akaagiza niletewe chai. Sikuwa na nguvu ya kumsimulia mtu wa tatu ndani ya wiki moja, nikainywa.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Salim, foklifti ufunguo wake unakaa kwako, msumari wa tatu. Mapipa yale ni mazito, usijaribu kuyabiringisha kwa mikono, yatavunja mtu mguu. Yainue moja moja uyapeleke nyuma ya karakana, na jina langu lielekezwe ukutani. Halafu kaa dirishani na kila dereva akupe mkono. Watakucheka, watakuuliza kama una posa. Waache wacheke, ukiwa umewashika. Waulize habari za nyumbani na usikilize jibu. Foleni itafika barabarani, na meneja atagonga saa yake. Mkipata kile kifaa cha kupulizia, kitumieni pia, lakini mkono kwanza.

Mwanaisha hupita mbele ya baraza langu kila asubuhi akienda shuleni. Huwa nimeshakaa nje, nimevaa ile kanzu yenu. Anapita. Mkishayaondoa, nipigieni simu, hata iwe alfajiri.